Tulipu: Nunua Mapema, Panda Baridi Ikishaingia

Mwishoni mwa Agosti, joto likiwa bado nyuzi 27 na watoto wanaogelea mtoni, maduka ya Ottawa huanza kupanga masanduku ya matunguu ya tulipu karibu na mlango. Kila mfuko una picha ya ua jekundu au la manjano, na bei inavutia. Hapo ndipo simu yangu inapoanza kulia. Ni akina dada ninaosali nao, ni jamaa wa ng'ambo ya mto kule Gatineau, ni vijana waliopata nyumba yenye kiuwanja kwa mara ya kwanza. Swali ni lilelile: nimeshanunua, niyapande leo? Nami jibu langu ni lilelile: kununua umefanya vizuri, sasa yaweke mahali pakavu penye hewa na uyaache hapo mpaka baridi ije.

Wananiuliza mimi kwa sababu bustani ndiyo kazi yangu. Nimezaliwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, nikakulia kwenye matuta ya kabichi na karoti, na nilipofika Kanada kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kibarua katika kampuni inayotunza bustani za maofisi na majengo ya kupanga. Msimu wetu unaanza Aprili kwa kuzoa mchanga na takataka zilizoachwa na theluji, unapita kwenye kiangazi cha kukata majani na kung'oa magugu, unaishia Oktoba na Novemba kwa kupanda matunguu. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Vidole vinakufa ganzi na magoti yanalowa, lakini unajua unachokiacha chini.

Jambo ninalotaka kila anayenipigia alishike ni kwamba tulipu hatuipandi ili ikwepe baridi. Tunaipanda ili baridi iikute ardhini. Kule kwetu mkulima hutayarisha shamba akasubiri masika. Hapa mimi hutayarisha tuta nikasubiri baridi. Mtu akilielewa hilo, maswali mengine mengi ya tarehe, ya kina cha shimo, ya vyungu vya barazani, anajijibu mwenyewe.

Mimi nilielewa kwa kuonyeshwa. Msimamizi wetu wa wakati huo, Mreno mtu mzima aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake, alikuwa na desturi ya kuwafundisha vibarua wapya kwa kisu. Ilikuwa Septemba. Alichukua tunguu moja kwenye kreti, akalishika ncha ikiwa juu, akalipasua toka juu mpaka chini na kunipa kipande. Ganda la nje lilikuwa jembamba, la kahawia, linabanduka lenyewe. Chini ya ganda kulikuwa na matabaka meupe, manene, yenye majimaji. Hicho ndicho chakula cha mmea. Chini kabisa kulikuwa na kitako kigumu ambako mizizi itatokea. Na katikati, juu ya kile kitako, chipukizi la manjano hafifu. Alilifungua kwa ncha ya kisu: vijani vilivyojikunja, na ndani ya vijani, ua. Ua zima. Petali sita, stameni sita, na katikati yake kijiti chenye pembe tatu ambacho kingekuja kubeba mbegu, vyote vidogo mno, vyenye rangi ya kijani iliyopauka. Nililitazama mpaka akaniambia turudi kazini.

Kwa hiyo ua la Mei huwa limeshaumbika kabla hujalilipia dukani. Liliumbika wakati wa kiangazi, tunguu likiwa kavu na lenye joto ghalani. Kinachobaki ni mambo mawili. La kwanza ni mizizi, ambayo hutoka kwenye udongo uliopoa lakini haujaganda. La pili ni baridi yenyewe. Tulipu inahitaji wiki kama 12 mpaka 16 za baridi ya chini ya nyuzi 9. Katika muda huo wanga ulioko kwenye yale matabaka meupe hugeuka kuwa sukari, na shina hupata uwezo wa kurefuka machipuko yakifika. Tunguu lililonyimwa baridi hutoa majani, halafu ua linafunguka chini kabisa katikati ya majani bila shina, au linakauka likiwa bado kitumba. Watu husema wameuziwa matunguu mabovu. Mara nyingi tunguu lilikuwa zima, lilichokosa ni majira.

Ukitaka kujua tabia hiyo imetoka wapi, angalia kwao. Tulipu za asili ni za milima na nyika za Asia ya Kati, kama vile milima ya Tian Shan huko Kazakhstan na Kirigizistani, mahali ambapo kiangazi ni kikavu na cha moto, na kipupwe ni cha theluji nzito. Waturuki wa Dola ya Uthmani walizilima na kuzipenda muda mrefu kabla Ulaya Magharibi haijazijua. Uholanzi, ambako leo watu wengi wanadhani ndiko zilikoanzia, zilifika kwenye bustani ya chuo kikuu cha Leiden mwaka 1593, zilipopandwa na mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, zikachanua mwaka uliofuata. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza jambo la kazi: tulipu inataka ukavu wakati wa joto na baridi wakati wa baridi. Anayemwagilia tuta la tulipu zilizolala, Julai na Agosti, anaziozesha.

Sasa tarehe. Mimi siitazami kalenda kwanza, naupima udongo. Nina kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, nimekitenga kwa kazi hiyo. Asubuhi nakichomeka ardhini mpaka sentimita 15, nasubiri kidogo, nasoma. Kikisoma 13 au chini ya hapo kwa asubuhi kadhaa mfululizo, natoa kreti. Hapa Ottawa hali hiyo hufika kwa kawaida Oktoba, majani ya miti ya maple yakiwa mekundu na usiku joto likishuka mpaka nyuzi 5 hivi. Asiye na kipimajoto atazame hayo majani na hizo nguo za watu: wakianza kuvaa makoti asubuhi na kuyavua mchana, bado kidogo, wakibaki nayo mchana, twende.

Kwa nini nisiyapande Septemba nikamaliza kazi? Kwa sababu udongo wa Septemba una joto. Tunguu lililolala kwenye udongo wa moto wenye unyevu hushikwa na ukungu, hasa fuzari, ule unaolilainisha kuanzia kitakoni na kulifanya linuke uchachu. Tena siku zenye joto huweza kulidanganya litoe ncha ya jani juu kabla ya theluji. Na kuchelewa nako kuna mpaka wake. Mizizi inahitaji wiki sita hivi kabla ardhi haijaganda. Mwaka mmoja, katikati ya Novemba, tulilazimika kufukua tuta tulilolipanda mwanzoni mwa Oktoba kwa sababu mafundi walitaka kupitisha bomba. Nilitoa matunguu yale kwa mikono: kila moja lilikuwa na kishungi cha mizizi myeupe, minene, imekizunguka kitako chote, mingine mirefu kuliko kidole changu, na juu hakuna hata dalili ya jani. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika chini wakati wewe unaona udongo mtupu.

Tarehe za Ottawa si za kila mahali, na hapa ndipo Waswahili tuliotawanyika tunapopotezana kwa kuambiana kwenye simu. Ndugu zangu wa Winnipeg na Edmonton wapande kuanzia katikati ya Septemba, maana ardhi yao huganda mapema. Minneapolis inakaribiana na sisi. Uingereza na Uholanzi ni hadithi nyingine: kipupwe chao ni laini, na Uingereza wakulima wa bustani wengi huwa na makusudi ya kungoja Novemba, kwa sababu baridi hupunguza ugonjwa wa ukungu wa Botrytis tulipae unaounguza majani na kuyaacha na madoa. Texas hakuna baridi ya kutosha ardhini, kwa hiyo watu hununua matunguu, huyaweka kwenye friji wiki kadhaa, halafu huyapanda Desemba au Januari na kuyahesabu kuwa ya mwaka mmoja tu. Aliyeko Muscat au Dubai naye anaweza kuona tulipu zikichanua ndani ya nyumba, lakini ni kwa friji na chungu, si kwa bustani.

Na nyumbani je? Mdogo wangu yuko Lushoto, na kila nikimtumia picha za Mei ananiambia, "Dada, huku nako ni baridi, tutashindwa nini? Niletee." Nimemweleza. Usiku wa Julai Lushoto unatetemesha, lakini mchana jua likitoka udongo unapata joto tena; hakuna wiki 12 mfululizo za chini ya nyuzi 9. Angeweza kutumia friji, ndiyo, ila friji ya Lushoto imejaa plamu na pea, na hapo kuna hatari wengi hawaijui. Matunda yanayoiva, plamu, pea na hasa tufaha, hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliua ua changa ndani ya tunguu. Nje huoni kitu. Tunguu linabaki gumu na zuri, unalipanda, majani yanatoka, ua halipo. Kwa hiyo friji ya tulipu isiwe na matunda hata kidogo. Tena matunguu hayatiwi kwenye begi ukapita nayo uwanja wa ndege: vipando vinataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, Tanzania chini ya TPHPA na Kenya chini ya KEPHIS, ambazo ni mamlaka za serikali za afya ya mimea, na sheria hiyo naiunga mkono kabisa, maana wadudu na magonjwa ya mimea nimeona yanavyosafiri. Mdogo wangu ana maua ya agapanthasi na mayungiyungi ambayo hapa kwangu yangekufa kipupwe cha kwanza. Namwambia tubadilishane picha.

Turudi kwenye kununua. Nunua mapema, maana makubwa huisha kwanza. Kwenye lebo tafuta mzingo wa sentimita 12 au zaidi. Tunguu dogo hutoa ua dogo au jani peke yake. Lishike: liwe zito kwa saizi yake, gumu, kitako chake kikiwa kikavu. Ganda likibanduka si neno. Ukungu wa bluu juu ya ganda nao haunitishi, unafutika kwa kitambaa. Linalobonyea au linalonuka uchachu tupa, na usilitupe kwenye mboji yako. Ukifika nyumbani yatoe kwenye mfuko wa plastiki, yatandaze kwenye mfuko wa wavu au boksi la karatasi, yakae mahali penye kivuli na hewa.

Mahali pa kupanda pawe na jua la angalau saa sita kwa siku, lakini jua la Aprili na Mei, si la Julai. Chini ya mti unaopukutisha majani panafaa sana, kwa sababu tulipu humaliza kazi yake kabla mti haujafunga kivuli. Pasituame maji. Hilo kwa Ottawa ni shughuli, maana sehemu kubwa ya bonde hili ni mfinyanzi mzito wa baharini, uliobaki tangu zama za barafu zilipoisha na bahari ikafika mpaka huku. Ukiushika ukiwa umelowa unang'ang'ania jembe, ukikauka unapasuka. Dawa yake si kuchimba shimo na kulijaza udongo mzuri, kwa sababu hapo umetengeneza bakuli la kuhifadhi maji. Inua tuta. Changanya mboji nyingi kwenye eneo zima, pandisha udongo sentimita 15 hivi juu ya usawa wa uwanja, na maji yatajitafutia njia.

Kuhusu kupanda kwenyewe, wengi hutoboa shimo moja moja kwa kile kifaa cha mviringo kinachouzwa pembeni ya matunguu. Kwa matunguu kumi sawa. Kwa mia, mikono itakufa, na kina hakitalingana. Sisi kazini huondoa udongo wa eneo zima kwa sepeto mpaka kina cha sentimita 15 hadi 20, tukausukumia pembeni juu ya turubai. Chini tunalainisha kwa reki. Kisha tunapanga matunguu kwa mkono, ncha juu, kitako chini, moja na jingine yakiachana sentimita 10 hadi 15, na kila moja tunalikandamiza kidogo lisimame, kitako kiguse udongo kisiache upenyo. Halafu tunarudisha udongo taratibu kwa mikono kwanza, ili yasianguke, ndipo sepeto. Kanuni ya kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu. Mimi huongeza kidogo badala ya kupunguza: lililoko chini zaidi halifikiwi kirahisi na kindi, linakaa kwenye udongo usiobadilika joto ovyo, na mashina hayalali upepo ukija. Likiwekwa kichwa chini halifi, litajipinda na kutafuta juu, lakini litachelewa wenzake na nguvu litakuwa limepoteza njiani.

Ukishafunika, mwagilia mara moja, vizuri, maji yafike kwenye kitako. Maji hayo ndiyo yanayoiambia mizizi ianze. Baada ya hapo mvua za Oktoba zinatosha.

Napanda kwa mafungu, kumi na mbili au zaidi mahali pamoja, rangi moja au mbili. Tulipu mojamoja zilizotawanywa kando ya njia huwa zinaniuma nikiziona, zinaonekana zimesahaulika.

Vaa glavu. Juisi ya tunguu ina kemikali inayowasha, na wanaoshika matunguu kutwa nzima hupata vipele na mipasuko kwenye ncha za vidole. Wakulima wa Uholanzi wanaujua ugonjwa huo tangu zamani. Kuna kibarua mwenzangu, kijana wa Kigali, aliyekuwa akidharau glavu kwa sababu zinampunguzia kasi. Wiki ya pili alishindwa kufunga vifungo vya koti. Glavu za mpira mwembamba ndani, za pamba juu, na kasi inabaki ileile.

Sasa kindi. Nikiambiwa niandike juu ya tulipu Ottawa bila kumtaja kindi, nitakuwa nimewadanganya watu. Hapa tuna kindi wa kijivu, wengi wao wakiwa weusi tii, na Oktoba ndiyo wanapozika akiba ya kipupwe. Kindi hahitaji kuona tunguu. Anaona udongo uliochimbuliwa, anajua kuna kitu, na pua yake inamaliza. Anafukua, anakula nusu, lililobaki analiacha juu ya nyasi. Watu wamenieleza kila dawa: pilipili ya unga, unga wa damu, sabuni. Pilipili inafaa mpaka mvua ya kwanza. Unga wa mifupa, ambao vitabu vya zamani vinasifu kuwa mbolea, ndio kabisa usiutie, harufu yake inawaita wanyama.

Kinachonifaa ni mambo matatu, na nayafanya yote pamoja. Kwanza naokota kila kipande cha ganda la kahawia kilichodondoka wakati wa kupanda, maana hicho ndicho kinachobeba harufu. Pili, naweka wavu wa waya wa banda la kuku juu ya tuta zima, nabana kingo kwa mawe au kwa misumari ya waya, nafunika kwa majani makavu. Ardhi ikishaganda kindi hawezi kitu, na wavu natoa machipuko ncha zinapochomoza. Ukichelewa kuutoa majani yanakua ndani ya matundu na kukatika. Tatu, nazungushia tuta narsisi, maua mengine yanayoota kwa matunguu, kwa sababu narsisi zina sumu na kindi hazigusi. Narsisi zenyewe zipandwe wiki mbili tatu kabla ya tulipu, zinapenda kupata mizizi mapema. Sungura na kulungu ni kesi ya Aprili, wao hula majani na vitumba, na kwao hao hakuna dawa ya uhakika ila uzio.

Dada mmoja wa Bukavu, anayekaa ghorofa ya tano kule Gatineau, aliniambia, "Dada, nyinyi mna viwanja. Mimi mwenye baraza tu nifanye nini?" Swali zuri, kwa sababu chungu ndicho kinachowaangusha wengi. Ardhini, chini ya theluji, udongo unabaki karibu na nyuzi sifuri hata hewa ikishuka mpaka 25 chini ya sifuri, kwa kuwa theluji inazuia baridi isipenye. Chungu cha barazani hakina kinga hiyo. Kinaganda pande zote, kinayeyuka jua likikipiga, kinaganda tena, na machipuko ukikifungua unakuta matunguu yamekuwa uji. Mwenye gereji isiyopashwa joto aingize chungu humo Novemba, akiweke mbali na mlango, akiloweshe kidogo mara moja kwa mwezi, akitoe Aprili. Huyu dada hakuwa na gereji. Tulikwenda duka la samaki tukaomba yale maboksi meupe ya povu gumu yanayobebea samaki wa barafu, tukayatoboa chini, tukajaza udongo, tukapanda matunguu karibu karibu, sentimita tano kati ya moja na jingine, maana kwenye chungu yanavumiliana. Akayasogeza ukutani, akayaviringishia blanketi kuukuu, akayafunika. Kuta za boksi lile ni nene, joto linapanda na kushuka polepole. Mei alinitumia video yeye na wanawe wamesimama katikati ya maua barazani, majirani wa chini wakichungulia.

Mei yenyewe hapa ni mwezi wa tulipu kwa mji mzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Juliana, mrithi wa kiti cha enzi cha Uholanzi, alikimbilia Ottawa, na Januari 1943 alimzaa binti yake Margriet katika hospitali ya hapa. Serikali ya Kanada ilitangaza kuwa vyumba vya uzazi havimo katika mamlaka yake, ili mtoto azaliwe Mholanzi tu. Mwaka 1945 Uholanzi ilituma matunguu 100,000 kwa shukrani, kwa hifadhi hiyo na kwa askari wa Kanada waliosaidia kuikomboa. Kumbuka kwamba kipupwe cha 1944 hadi 1945, watu wa Uholanzi waliozingirwa walikuwa wakila matunguu hayohayo ya tulipu ili wasife njaa. Zawadi inaendelea mpaka leo, matunguu 20,000 kila mwaka. Tamasha la tulipu la hapa Ottawa lilianza 1953, kwa wazo la mpiga picha Malak Karsh. Nikipita na wageni kwenye matuta ya kando ya ziwa la hapa mjini, Dow's Lake, hilo la njaa ndilo ninalowaambia kwanza, kabla hawajatoa simu kupiga picha.

Maua yakinyauka kazi haijaisha. Kata kichwa cha ua tu, lisifanye mbegu. Majani usiyaguse. Usiyafunge fundo, usiyasuke, usiyakate kwa sababu yanakera macho. Kwa wiki sita hivi yanatengeneza tunguu jipya, maana lile ulilolipanda huwa limejimaliza lote. Kila mwaka tunguu mama hufa na kuacha watoto pembeni yake. Watoto wakipata majani ya kutosha na kiangazi kikavu, watachanua. Wakikosa, mwaka wa pili utaona jani moja pana na basi. Aina nyingi za dukani hupungua hivyo, ndiyo maana matuta ya mji hupandwa upya kila mwaka. Kwa mtu wa bajeti ya kawaida nashauri jamii ya Darwin Hybrid, kama Apeldoorn, ambazo hurudi miaka kadhaa, au zile tulipu fupi za asili kama Tulipa tarda, ambazo zikipapenda mahali huongezeka zenyewe. Na ukiona majani yameungua na kupinda kwa ukungu, ng'oa mmea wote na usirudishie tulipu hapo kwa miaka mitatu.

La mwisho ninaloulizwa huja Desemba, kwa sauti ya chini: nimekuta mfuko mzima gereji, nimeusahau, nitunze mpaka mwakani? Hapana. Tunguu halikai mwaka, litajila lenyewe likauke. Yabonyeze, yakiwa bado magumu, nenda uwanjani mchana, vunja ile tabaka iliyoganda juu kwa sururu, mara nyingi chini yake udongo bado ni laini, uyapande palepale kwa kina kilekile. Ardhi ikiwa imekuwa jiwe, yatie kwenye chungu chenye udongo wenye unyevu na ukiache gereji hiyohiyo mpaka Aprili. Yatachanua kwa kuchelewa, na mengine yatakuwa mafupi, lakini mengi yatachanua.